Mgongo wa Mama Wabiwa

Tangu turudi, hakuna anayepita mbele ya nyumba yangu bila kuuliza. Mnauliza kama daktari wa mikono ni mchawi, kama kweli anawavunja watu shingo halafu wanaamka wakicheka, kama Bukavu sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, bado wapo. Lile swali lenyewe hamliulizi, nadhani kwa kuwa mnamwona Mama Wabiwa amekaa pale mlangoni. Basi naandika mara moja, msomeane, mniache nifundishe watoto wa watu kwa amani.

Kwa wale wageni wa hapa Kigulube: Mama Wabiwa ni mama wa marehemu mke wangu. Wabiwa alipofariki aliniachia watoto watatu, mdogo akiwa bado anatambaa. Mama yake alikuja kwa matanga na hakurudi kwao. Alilima, alitwanga, aliwaogesha, aliwachapa. Mimi nilikuwa naleta chumvi na sabuni na kujiita baba mwenye nyumba.

Lakini mkwe ni mkwe. Sisi Walega hatuhitaji kufundishwa, ila nasema kwa ajili ya yule mwalimu mpya kutoka Uvira anayetucheka: simgusi mama mkwe wangu, sili mbele yake, siangalii mwili wake, na mambo ya mwili hayasemwi kati yetu. Hata maji ya kuoga ananitangazia kupitia mwanangu wa kwanza. "Sifa, ambia papa yako maji iko tayari," na mimi nimesimama hapo hapo, na Sifa anarudia neno kwa neno kama redio.

Maumivu yake yalianza siku nyingi zilizopita. Alikuwa anasema mgongo. Alipeleka mgongo huo kituo cha afya, mimi nikimsindikiza na kusimama mlangoni kwa heshima, na muuguzi akampiga sindano za mgongo. Msimu huu akashindwa kupanda shambani. Ndipo kaka yake, Mzee Kubali, alipokuja, akakaa, akamwangalia dada yake akiinuka kwa kushika ukuta. Akaniambia: "Dada yangu alikuja hapa juu ya batoto, hakukuja kulala kwa mukwe. Ni haya kwetu na kwako. Ukishindwa kumusimamisha, tunakuja kumubeba."

Hivyo ndivyo safari ilivyozaliwa. Kama Mama Wabiwa hatembei, anaondoka, na watoto wangu wanafiwa na mama kwa mara ya pili. Mwalimu mwenzangu alikuwa amesikia kuhusu mtu wa Bukavu, ostéopathe, anayetibu viungo na misuli kwa mikono mitupu. Sikuamini. Nilifunga mzigo hata hivyo.

Kigulube hadi Nzibira

Dereva wa pikipiki alikuwa kijana wa Nzibira mwenye haraka. Akapanga mambo yake: "Maman anakaa katikati, papa nyuma. Umushike muzuri, njia iko mubaya."

Nikamwambia haiwezekani.

"Juu ya nini? Maman hana kilo."

"Ni mukwe wangu."

Akaniangalia, akamwangalia mama, akaenda mwenyewe kutafuta mwenzake mwenye pikipiki nyingine bila kuongeza neno. Tulingoja hadi jua likawa kali. Mama Wabiwa alikaa upande huu wa barabara na mimi upande ule.

Njia hiyo mnaijua. Kwenye vilima abiria anashuka, madereva wanasukuma, na kila mtu anapanda kwa miguu yake. Mama Wabiwa alipanda na fimbo, akivuta mguu wa kulia kama unaomilikiwa na mtu mwingine. Madereva walikuwa wameshatangulia juu. Nilikuwa nyuma yake hatua chache, nikiangalia majani ili nisimwangalie yeye, niliposikia ameanguka.

Alianguka ubavu kwenye tope jekundu na hakuweza kugeuka. Nami nilisimama. Mikono ilinyooka yenyewe, nikairudisha. Yeye hakuniita. Alikuwa anavuta kitenge kifunike magoti, hilo ndilo alilohangaika nalo kwanza, wakati uso umejaa tope.

Kwa bahati walishuka wanawake wenye vikapu vya mihogo, kamba zimekaza kwenye paji la uso. Wakatua mizigo, wakamwinua, wakamfuta. Halafu wakanigeukia. "Mwanaume gani huyu? Mama yake iko mu matope, yeye anaangalia tu kama bendera!"

Nikasema ni mkwe wangu.

Mkubwa wao akarudisha kamba kwenye paji, akasema kwa upole, "Ah. Basi simama vile vile, papa."

Sijui kwa nini upole wake uliniuma kuliko matusi. Tulipofika mahali pa kula, kulikuwa na benchi moja tu na sufuria moja ya wali na maharagwe. Mama akala kwenye benchi. Mimi nilikula nyuma ya choo, nimesimama, na wali ulikuwa mtamu, jambo lililonikasirisha zaidi.

Nzibira hadi Bukavu

Kutoka Nzibira tulipata lori la magunia ya mihogo. Abiria tulipangwa juu ya magunia. Mama alikaa mbele karibu na kichwa cha lori, mimi nikajibana nyuma kabisa. Mvua ilitukuta kabla ya Walungu. Turubai lilikuwa moja, watu wakaingia chini yake wakabanana bega kwa bega. Mama Wabiwa akaingia. Mimi nikabaki nje.

Mfanyabiashara mmoja mzee, Mushi kwa kabila, mwenye kofia ya sufu, alitoa kichwa akaniita. "Ingia, mwalimu! Utakufa na pneumonie."

Nikasema niko sawa. Akatazama, akaona sisi wawili tuliopanda pamoja hatuzungumzi, hatuangaliani, na mmoja anakubali kuloa kuliko kukaa na mwenzake. Akafanya hesabu zake. Toka hapo hadi Walungu alinihubiria msamaha. "Mama haiko wa kukasirikia. Omba yeye musamaha. Ata kama ni yeye njo alikosa, weye njo mutoto." Watu wote chini ya turubai wakaitikia kama wako kanisani. Mwanamke mmoja aliguna kwa huruma. Nami maji yakishuka ndani ya shati, sikuwa na nguvu ya kueleza. Nikasema nitaomba msamaha. Wakashangilia.

Nilimwona Mama Wabiwa mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, amejificha kwenye kitenge. Ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga, na kwa ajili ya kicheko hicho ningeloa tena.

Kwenye kizuizi karibu na mji, wenye bunduki walitushusha sote tupite kwa miguu, na kamba ikashushwa baada ya maneno marefu. Mama alichukua muda mrefu kupita hapo kuliko lori lenyewe. Tulipoingia mjini kwa upande wa Panzi taa zilikuwa chache na umeme haukuwepo. Nilikuwa nimewaahidi watoto kuwasimulia taa za Bukavu.

Bagira hadi Nyalukemba

Tulifikia Bagira kwa Maman Faida, binti wa baba yangu mdogo, mjane mwenye sauti ya kengele na kibustani cha mboga za lengalenga nyuma ya nyumba. Alitupikia bugali, sombe ya majani ya mihogo na sambaza wa kukaanga. Mama alikula ndani, mimi barazani. Maman Faida alikuwa anatoka na kuingia na sahani akilalamika kwamba amekuwa barua.

Asubuhi tukapanda basi dogo hadi katikati ya mji, kisha tukateremka kwa miguu kuelekea Nyalukemba. Kuteremka ndiko kulikomtesa Mama Wabiwa. Ziwa lilikuwa pale chini, pana na la kijivu, wala hakuliangalia. Aliangalia mawe ya njiani, jiwe moja moja.

Mtu wa mikono anaitwa Bwana Bisimwa. Ni mfupi, mpole, mwenye viganja vipana, na ana chumba kimoja chenye kitanda kirefu, pazia na dirisha. Mama Wabiwa alitafuta kwa macho mti wa kutundikia chupa ya serumu, akatafuta kabati la dawa, akatafuta sindano. Hakuona kitu. Akamwambia Sifa, yaani aliuambia ukuta kwa kuwa Sifa hakuwepo, "Tumesafiri kuja kupapaswa."

Bwana Bisimwa alisikia akacheka. "Maman, miye sipane dawa. Naangalia vile mwili inasimama, vile kila kiungo inazunguka. Penye imekaza nalegeza. Penye siwezi, nakutuma kwa docteur."

Halafu akasema sheria yake: hamgusi mwanamke kama hakuna mtu wa kwake ndani ya chumba. Nikatafuta njia ya kutoka. "Si lazima uone," alisema. "Kaa nyuma ya pazia."

Nikakaa nyuma ya pazia, nimegeukia ukuta. Nilisikia kila kitu. Alimtembeza, akamwinamisha, akamlaza. Kisha akauliza, "Sasa, maman, inaumia wapi? Nionyeshe na kidole."

Kikohozi kilikuwa kimenishika tangu mvua ya lori, na wakati huo huo kikanitoka.

"Mugongo," Mama Wabiwa akasema.

"Mugongo tu? Haishuke mu miguu? Haipite huku mbele?"

"Mugongo."

Basi akafanya mgongo. Nilisikia anabonyeza, anasubiri, anamwambia apumue. Halafu kitu kikalia *ko!* Nikaruka, nikijua amemvunja, nikawaza nitamwambia nini Mzee Kubali. Lakini sauti ya mama ilitoka tulivu: "Ile imefunguka."

Alitoka amenyooka kidogo. Tulirudi mara ya pili, na mgongo ukawa mwepesi zaidi. Kule Bagira Mama Wabiwa alimsaidia Maman Faida kuchambua sombe, akamfundisha kuitwanga kwa mtindo wa kwetu. Mimi nilianza kutunga hotuba ya kumjibu Mzee Kubali. Ila wakati wa kupanda kutoka Nyalukemba bado alikuwa anavuta ule mguu, na usiku nilimsikia akiguna kupitia ukuta, nikajiambia ni mgongo unaopona. Mtu akitaka kudanganyika hakosi sababu.

Siku niliyochelewa

Mara ya tatu basi lilikuwa limejaa. Ilibaki nafasi ya wawili, Maman Faida akasema aende na mama, mimi nifuate. Basi langu likaharibika njiani. Dereva alifungua boneti, akaitazama injini kama mtu anayesoma lugha asiyoijua, akaifunga. Nikaenda kwa miguu katika mvua, nikipita wauza mkaa waliofunika magunia yao na kujifunika wenyewe kwa plastiki hiyo hiyo.

Nilipofika, pazia lilikuwa wazi. Mama Wabiwa alikuwa amevaa, amekaa, anaangalia mikono yake. Maman Faida alinishika mkono akanivuta nje. Sauti ya kengele ilikuwa imekufa.

"Haiko mugongo," alisema. "Haikukuwa mugongo ata siku moja. Ni huku, ndani ya paja, juu kabisa, penye muguu inaanzia. Inamukamata akikaa chooni, akigeuka kitandani. Tangu Wabiwa iko muzima."

"Mbona hakusema?"

"Aseme je, na weye uko nyuma ya pazia unakohoa? Kule haiko sehemu ya kutaja mbele ya mukwe. Ameniambia alikuwa anaomba Mungu uchelewe."

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Waliosema hivyo sidhani kama waliwahi kusindikizwa hospitalini na mkwe. Nikakumbuka sindano zote za kituo cha afya, na mimi mlangoni nimesimama wima, nikijisifu kwa adabu.

Bwana Bisimwa alikuwa amezungusha mguu wake akakuta hauzunguki. Hakuthubutu kuulazimisha. Alitutuma akapigwe picha ya mifupa, na tuliporudi nayo aliisimamisha dirishani, ziwa likaonekana kijivu nyuma ya mifupa ya Mama Wabiwa. Nikaangalia pembeni. Hata mifupa yake nilihisi sina ruhusa ya kuiona.

"Papa, sikudanganye," alisema. "Kichwa ya mufupa ya paja imelika. Docteur amesema vile vile. Mikono yangu hairudishe mufupa. Kuko operation ya kuweka ingine, lakini kwa sisi batu ya huku, sione njia."

"Kama tungesema siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza ya kuja kwangu, hakuna tofauti." Akaitoa picha dirishani. "Siku ya kwanza ya ugonjwa, sijue."

Kisha akaeleza kilichobaki. Misuli inayozunguka nyonga inakaza kwa woga wa maumivu, na mguu ukiachwa hivyo utafungwa kabisa, hatainuka tena. Mtu akiilegeza kila asubuhi, akiubeba mguu taratibu na kuuzungusha kidogo pale unapokubali, anaweza kuendelea kutembea hatua za nyumbani. Kila asubuhi, bila kuruka. "Nani iko naye nyumbani?"

"Batoto wadogo. Na miye."

"Basi ni weye."

"Ni mukwe wangu."

Bwana Bisimwa ni Mushi, nao wana ukwe wao. Hakubisha. Alikaa kwenye kitanda chake mwenyewe, akasugua viganja. Mwishowe akavua viatu, akalala chali, akasema, "Jifunze kwangu. Mambo ingine mutaona kule."

Hivyo nilijifunza kwa kumshika paja mwanaume mwenye masharubu, Maman Faida akicheka na kufuta machozi kwa mpigo mmoja. Mama Wabiwa alikuwa nje barazani. Alijua tunachofanya. Hakugeuka.

Kurudi

Kurudi hakuna cha kusimulia. Lori lilikuwa na mbolea badala ya mihogo. Mfanyabiashara mwenye kofia ya sufu alikuwa Walungu, akanipungia mkono akiuliza kama tumesameheana, nikajibu ndiyo. Kwenye vilima dereva alimbeba Mama Wabiwa mgongoni kama mtoto, na mimi nilibeba fimbo yake. Aliangalia mbali njia nzima.

Juma la kwanza nyumbani hakuna aliyesema neno kuhusu mguu. Nilikuwa naamka, namsikia anavyohangaika kuinuka, natoka kwenda shule mapema ili nisisikie. Siku moja hakuinuka. Watoto waliondoka bila uji.

Nilipoingia chumba cha mbele alikuwa amelala kwenye mkeka, amegeukia ukuta. Sifa alikuwa shuleni, hapakuwa na wa kusemea. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, alisema na mimi moja kwa moja.

"Kitenge ya Wabiwa iko wapi? Ile ya ndege."

Nilikuwa nimekitunza chini ya sanduku. Hakikuwa kimefuliwa tangu siku aliyofariki, sikutaka kitoke harufu yake. Nikakileta, nikakiweka sakafuni mbali naye, kama tunavyopeana vitu. Akakivuta kwa fimbo, akajifunika kuanzia kiunoni hadi miguuni.

"Huyu ni mutoto yangu," alisema kwa ukuta. "Yeye njo atanishika. Weye utashika yeye."

Nikapiga magoti, nikageuza uso mlangoni. Nikafanya alivyonifundisha Bwana Bisimwa, juu ya ndege wa njano waliofifia. Baadaye aliinuka kwa fimbo, akafika mlangoni, akakaa kwenye kiti mnachomwona amekikalia.

Huko ndiko anakofika. Kutoka mkekani hadi mlangoni, na siku njema hadi jikoni. Shambani hapana, tena hatafika. Mzee Kubali amekuja akamwangalia akitembea, akahesabu moyoni, akasema atarudi baada ya mavuno ya karanga ili aone kama kuna nafuu. Nafuu haitakuwepo. Mimi najua, dada yake anajua. Kilichopo ni kuzuia mguu usifunge, asubuhi baada ya asubuhi, ili akija amkute bado anaweza kusimama mbele yake na kukataa.

Sasa mmejua, na naomba msijiulize tena kama amepona. Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Kitenge kile kilikuwa cha zamani hata Wabiwa alipokuwa hai, na pale kwenye nyonga kimekuwa chepesi hadi naona vidole vyangu upande wa pili. Nyumbani humu hakuna nguo yake nyingine. Zote tuligawa siku ya kuondoa matanga, kama desturi inavyotaka.

Jana asubuhi aliniambia nisibonyeze kwa nguvu. Nikadhani namwumiza, nikaomba radhi, nikainua mikono.

"Hapana, miye siumie," Mama Wabiwa alisema, ameangalia ukuta. "Utamumaliza."